Kipimo Kidogo cha Maji na cha Sukari: Lini Tuiamini Namba Yake

Vifaa vidogo vya kupimia vimeingia majumbani na katika shehia zetu. Mgonjwa wa kisukari hupima damu yake kwa mashine inayoenea kiganjani. Mwenye kisima hununua kalamu ya kupimia uchachu wa maji. Mwanafunzi wa skuli ya sekondari hukutana na kifaa cha aina hiyo hiyo katika chumba cha sayansi. Vifaa vyote hivi hutoa jibu kwa namba, na namba ikishaonekana kwenye kioo ni nadra kupata anayeihoji.

Makala haya yanaeleza namba hiyo inatoka wapi, ni sehemu gani ya kifaa ambayo huchoka mapema bila ya mtumiaji kujua, na ni mambo gani mwananchi anaweza kuyafanya ili asipotoshwe. Jambo hili si la wataalamu peke yao, kwa kuwa maamuzi yanayotokana na namba hizo, kama vile kunywa maji ya kisima fulani au kubadilisha kiasi cha dawa, hufanywa nyumbani.

NAMBA NI TOFAUTI YA PANDE MBILI

Tuchukue mfano wa kibaba. Mnunuzi anapopimiwa mchele hutazama mchele. Ni mara chache akakitazama kibaba chenyewe. Kibaba kikibonyea chini, mchele utakuwa ule ule na hesabu itakuwa ile ile, vibaba vinne kwa pishi moja, lakini mnunuzi atarudi nyumbani na pungufu. Kosa halimo katika kinachopimwa, limo katika kinachopimia.

Vifaa vinavyopima kemikali kwa njia ya umeme vina hatari kama hiyo. Ndani ya kila kimoja mna ncha mbili ziitwazo elektrodi. Ncha ya kwanza ndiyo inayohisi: umeme wake hupanda na kushuka kwa kadiri kemikali inayotafutwa ilivyo nyingi au chache katika maji au katika damu. Ncha ya pili huitwa elektrodi ya rejea. Hiyo haitakiwi ihisi chochote. Kazi yake ni kutulia mahali pamoja, iwe imetiwa katika maji matamu, maji ya chumvi au maji machafu. Kifaa husoma tofauti ya umeme iliyopo baina ya ncha hizo mbili, kisha huigeuza tofauti hiyo kuwa namba.

Hapo ndipo tatizo linapozaliwa. Kifaa hakina uwezo wa kujua ni upande upi uliosogea. Ikiwa maji yamebadilika, tofauti hubadilika. Ikiwa maji ni yale yale lakini elektrodi ya rejea imesogea, tofauti hubadilika vile vile, na kioo kitaonesha namba mpya kwa utulivu na kwa nukta mbili za desimali. Hakuna taa itakayowaka wala kengele itakayolia.

NDANI YA NCHA INAYOTAKIWA KUTULIA

Elektrodi ya rejea inayotumika zaidi duniani hutengenezwa kwa waya wa madini ya fedha, yaani madini yale yale ya pete na vikuku. Waya huo hupakwa tabaka jembamba la kloridi ya fedha, kisha hutumbukizwa katika maji yaliyokolea chumvi iitwayo kloridi ya potasiamu. Mara nyingi kiasi kinachotumika ni gramu 224 za chumvi hiyo kwa kila lita moja. Chini ya kichupa huwekwa tundu dogo sana au kizibo chenye vinyweleo, ambacho huruhusu maji ya ndani na maji ya nje yagusane bila ya kuchanganyika kwa haraka.

Utulivu wa ncha hii unategemea jambo moja: kiasi cha kloridi kilichomo ndani kisibadilike. Mkemia wa Kijerumani, Walther Nernst, alionesha mwaka 1889 uhusiano uliopo baina ya wingi wa kemikali na umeme wake. Kwa mujibu wa hesabu hiyo, katika joto la nyuzi 25 za Selsiasi, kloridi iliyomo ndani ikipungua mara kumi umeme wa rejea husogea milivolti 59. Ikipungua nusu tu, husogea karibu milivolti 18.

Milivolti 18 ni kiasi gani? Betri moja ndogo ya tochi ina milivolti 1,500. Kwa taa, milivolti 18 si kitu. Kwa kipimo cha maji ni kitu kikubwa, kama itakavyoonekana hapo mbele.

KWA NINI UDOGO HULETA TABU

Katika maabara kubwa, elektrodi ya rejea huwa na mililita kadhaa za maji ya chumvi, na fundi huweza kuyajaza tena yanapopungua. Katika kifaa kidogo nafasi hiyo haipo. Elektrodi iliyochapishwa juu ya kipande cha plastiki, au iliyojengwa juu ya kipande cha silikoni, inaweza kubeba mikrolita chache tu. Mikrolita ni sehemu ya elfu moja ya mililita, na tone moja la maji lina karibu mikrolita 50. Tundu likivujisha kidogo, chupa kubwa haitaathirika kwa miezi mingi. Lakini akiba ya mikrolita chache huweza kupoteza chumvi yake kwa siku au hata kwa saa. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hapa haba na haba hukimwaga.

Tabaka la kloridi ya fedha nalo lina mpaka wake. Kemikali hii hudhaniwa haiyeyuki katika maji, lakini kwa kweli huyeyuka kidogo: karibu miligramu 1.9 kwa lita. Kwa waya mnene kiasi hicho hakina athari. Tufanye hesabu ya elektrodi ndogo. Chukua kipande cha mraba chenye upande wa milimita moja, kilichopakwa tabaka lenye unene wa sehemu ya elfu moja ya milimita. Uzito wa tabaka zima ni chini ya mikrogramu 6. Ili tabaka hilo liyeyuke lote, mililita 3 za maji matamu zinatosha, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai. Kifaa kama hicho kikiachwa ndani ya maji yanayopita, rejea yake inaondoka huku kioo kikiendelea kutoa namba.

Adui wa tatu tunamjua kwa harufu. Tope la mikoko hutoa gesi ya salfaidi ya hidrojeni, ile inayonuka kama yai viza. Gesi hiyo huifanya fedha iwe nyeusi, na kila mwenye kikuku cha fedha amewahi kuliona jambo hilo. Ikipenya ndani ya elektrodi ya rejea, sehemu ya kloridi ya fedha hugeuka kuwa salfaidi ya fedha, na umeme wa ncha hiyo hauwi tena ule uliokusudiwa na mtengenezaji. Maji ya visima virefu visivyopata hewa, maji ya madimbwi ya taka na maji ya kando ya mikoko huweza kuwa na gesi hii. Kifaa kilichopimia huko kisirudishwe kupimia maji ya kunywa kabla ya kuhakikiwa.

Wataalamu wamelifanyia kazi tatizo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1970 Piet Bergveld wa Uholanzi alitangaza kihisi kilichotengenezwa kwa transista, kidogo kiasi cha kuweza kukaa juu ya ncha ya kidole. Ncha ya kuhisia ikawa imepunguzwa ukubwa, lakini elektrodi ya rejea haikukubali kupungua kwa wepesi kama huo, na hadi leo ndiyo sehemu inayowashughulisha wabunifu. Baadhi yao hufungia chumvi ndani ya plastiki au jeli ili isitoke kwa haraka. Wengine hutumia chumvi maalumu zilizo katika hali ya kimiminika, ambazo hazichanganyiki kwa wepesi na maji. Wengine hutia elektrodi za rejea mbili ili moja imshitaki mwenzake anaposogea. Njia zote hizi hurefusha umri wa kifaa, lakini hazikifanyi kiwe cha milele.

MILIVOLTI KUMI NDANI YA KISIMA

Visima vingi vya majumbani vimechimbwa karibu na makaazi, na makaazi yana vyoo vya mashimo. Uchafu unaopenya ardhini hugeuka, pamoja na mambo mengine, kuwa naitreti. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha mwisho cha naitreti katika maji ya kunywa kuwa miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya kuwakinga watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo. Naitreti ikizidi katika maji hayo, damu ya mtoto hupungukiwa na uwezo wa kuchukua oksijeni. Maji yenye naitreti nyingi hayana rangi, harufu wala ladha ya kumwonya mzazi.

Naitreti inaweza kupimwa kwa elektrodi. Sasa tuchukue kisima ambacho ukweli wake ni miligramu 60 kwa lita, yaani kimevuka kiwango. Elektrodi ya rejea ikiwa imesogea milivolti 10 upande mmoja, kifaa kitaonesha karibu miligramu 41, na mwenye kisima ataambiwa maji ni salama. Ikisogea milivolti 10 hizo hizo upande wa pili, kisima chenye miligramu 40, ambacho ni salama, kitaoneshwa kuwa na 59 na pengine kitafungwa bure. Makosa yote mawili yana gharama, lakini la kwanza hulipwa na mtoto asiyeweza kusema.

Katika maji ya bahari hesabu ni nyembamba zaidi. Tangu kuanza kwa zama za viwanda, maji ya juu ya bahari duniani yamepungua pH kwa karibu 0.1 kutokana na hewa ya ukaa, na mabadiliko hayo yanawahusu wavuvi na wakulima wa mwani. Kwa kifaa cha elektrodi, badiliko zima hilo la zaidi ya miaka mia mbili ni sawa na milivolti 6 tu. Kwa hiyo mtu anayepima bahari kwa kalamu ya kawaida mwaka huu na mwaka ujao, kisha akatangaza kwamba bahari imebadilika, inawezekana amepima uchovu wa kalamu yake.

PH NA NGUVU YA KLORINI

Kipimo cha pH kilibuniwa mwaka 1909 na Søren Sørensen, mkemia wa Denmark. Namba 7 ni katikati. Chini ya hapo maji yana uchachu kama ndimu, na juu ya hapo yana hali ya magadi au sabuni. Kwa kila hatua moja ya pH, umeme wa elektrodi hubadilika karibu milivolti 59. Ile nusu ya kloridi tuliyoitaja kuwa imevuja, yenye milivolti 18, itafanya maji ya pH 7.2 yasomeke 7.5.

Kwa nini mwananchi ajali? Kwa sababu ya klorini. Dawa hii ndiyo silaha yetu ya kila siku dhidi ya kipindupindu, maradhi ambayo Zanzibar imeyaonja zaidi ya mara moja, ikiwemo katika miaka ya 2015 na 2016. Klorini ikitiwa katika maji hugawika katika sura mbili, moja yenye nguvu kubwa ya kuua vijidudu na nyingine dhaifu. Katika pH 7.5 karibu nusu ya klorini huwa katika sura yenye nguvu. Katika pH 8.5 ni karibu sehemu moja tu kati ya kumi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba, kwa dawa kufanya kazi ipasavyo, pH iwe chini ya 8, maji yaachwe yatulie angalau nusu saa, na baada ya muda huo ibakie klorini isiyopungua miligramu 0.5 kwa lita. Anayetia dawa kwa kutegemea pH isiyo ya kweli anaweza kuwa na maji yanayonuka klorini na bado yakawa na vijidudu.

STRIPU YA SUKARI: RASLIMALI YA SEKUNDE CHACHE

Mashine ya kupimia sukari ni ndugu wa kalamu ya maji. Ya kwanza iliyofanya kazi kwa elektrodi iliingia sokoni mwaka 1987. Ndani ya kila stripu mna elektrodi zilizochapishwa kwa wino. Ncha moja ina kimeng'enya kinachokutana na sukari ya damu, na nyingine hutumika kama rejea. Katika baadhi ya stripu rejea hiyo ni wino wa fedha na kloridi ya fedha.

Wabunifu wa stripu walilikwepa tatizo la utulivu kwa busara. Badala ya kutengeneza rejea ndogo itakayodumu mwaka mzima ndani ya majimaji, walitengeneza itakayodumu sekunde chache, kisha itupwe. Stripu hukaa kavu mpaka dakika ya kutumika. Ikishalowa damu, hupima mara moja na kazi yake imekwisha. Hii ndiyo sababu stripu haiwezi kuoshwa na kutumiwa tena, hata kama bei yake inauma. Vihisi vya sukari vinavyovaliwa mwilini kwa muda wa siku 10 au 14 navyo hubadilishwa baada ya muda huo, na kuchakaa kwa elektrodi ni miongoni mwa mambo yanayozingatiwa katika kupanga muda huo.

Kutokana na mpango huo, adui mkubwa wa stripu ni unyevu na joto kabla ya kutumika. Hali ya hewa ya kisiwa chetu ina vyote viwili. Kopo likiachwa wazi, stripu hunywa unyevu wa hewa, kimeng'enya na dawa nyingine zilizomo huanza kuharibika, na namba hupotoka. Kiwango cha kimataifa cha mwaka 2013 kinaitaka mashine ya nyumbani, katika vipimo 95 kati ya 100, isikosee zaidi ya asilimia 15 kwa sukari ya milimoli 5.55 kwa lita na kuendelea. Maana yake ni kwamba hata mashine nzuri yenye stripu nzima inaweza kuonesha 8.5 au 11.5 pale ambapo ukweli ni 10. Stripu iliyoharibika haina ahadi hata hiyo.

ULINGANISHAJI NA MIPAKA YAKE

Dawa ya rejea inayosogea ni ulinganishaji. Kalamu ya pH hutumbukizwa katika maji maalumu yaitwayo bafa, ambayo pH yake inajulikana: aghalabu 4.01, 7.00 na 10.01 katika nyuzi 25. Mtumiaji hukiambia kifaa, "hii ni saba," nacho hujirekebisha. Mashine za hospitali zinazopima chumvi za damu, kama vile sodiamu na potasiamu, hufanya hivyo zenyewe kila baada ya muda mfupi, kwa kuwa katika vipimo hivyo kosa la milivolti moja tu ni sawa na karibu asilimia 4 ya jibu.

Hata hivyo, ulinganishaji una mpaka ambao watu wengi hawauoni. Hurekebisha kosa lililokwisha kutokea. Hauzuii litakalotokea baadaye. Kalamu iliyolinganishwa Jumatatu asubuhi inaweza kuwa imesogea Jumatatu jioni ikiwa elektrodi yake imechoka. Kwa hiyo suali la kumuuliza mpimaji si "je, kifaa kililinganishwa?" peke yake, bali pia "lini, na baada ya kupima kilirudishwa kwenye bafa kuonekana kama bado kipo pale pale?"

Kurudisha huko ndiko uhakiki ulio rahisi kuliko wote. Anza na bafa ya 7, andika namba. Pima visima. Maliza na bafa ile ile, andika namba tena. Ikiwa mwanzo ilikuwa 7.00 na mwisho ni 7.03, vipimo vya katikati vinaaminika kwa matumizi ya kawaida. Ikiwa mwisho ni 7.30, vipimo vyote vya safari hiyo vina shaka na virudiwe.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kwa wenye kalamu au kipimo cha pH:

1. Usihifadhi ncha ya kalamu katika maji ya mvua, maji yaliyosafishwa ya chupa au maji ya betri. Maji yasiyo na chumvi hunyonya chumvi ya rejea na kuimaliza. Tumia maji ya kloridi ya potasiamu yaliyoelekezwa na mtengenezaji. Usiiache ikakauka pia.

2. Linganisha kila siku unayopima, kwa bafa mbili zinazozunguka namba unayoitarajia. Bafa iliyokwisha kutumika isirudishwe chupani. Bafa ya 10 iliyoachwa wazi huchukua hewa ya ukaa na kushuka.

3. Unapopima maji ya mvua subiri zaidi. Maji yenye chumvi chache mno huifanya rejea itangetange, na namba huchukua dakika kadhaa kutulia.

4. Tambua kifaa ulichonacho. Kalamu zinazoonesha herufi TDS hupima wingi wa chumvi kwa kupitisha umeme ndani ya maji na hazina elektrodi ya rejea. Zinaweza kukuonesha kama maji ya kisima yameingiwa na chumvi ya bahari. Haziwezi kukueleza kama yana vijidudu au naitreti.

5. Kalamu iliyokataa kulinganishwa, au inayoyumba ndani ya bafa, imefika mwisho. Itengwe, isiuzwe kwa mwengine.

Kwa wenye mashine ya sukari:

1. Osha mikono kwa sabuni na ikaushe kabla ya kuchoma kidole. Kidole kilichomenya embe au kushika halua kitatoa namba kubwa isiyo ya damu yako.

2. Weka stripu ndani ya kopo lake, funga kifuniko papo hapo, na uliweke mbali na jua, jiko na friji. Joto la kuhifadhia huandikwa kwenye kopo na aghalabu halizidi nyuzi 30. Andika tarehe uliyolifungua.

3. Usinunue stripu zilizogawiwa mojamoja nje ya kopo lake. Huwezi kujua zimekaa wapi wala zinaharibika lini.

4. Namba isiyolingana na hali ya mgonjwa irudiwe kwa stripu mpya. Mgonjwa anayetetemeka, kutokwa na jasho au kuchanganyikiwa asiachwe kwa sababu tu mashine imesema yu mzima. Apelekwe kituo cha afya. Usibadilishe dawa kwa kutegemea kipimo kimoja kinachoshangaza.

PALE AMBAPO KIPIMO KIDOGO HAKITOSHI

Kipimo kidogo ni kizuri kwa kufuatilia na kwa kutahadharisha mapema. Uamuzi mzito, kama wa kufungua kisima kipya cha jamii au kukifunga kilichopo, unahitaji sampuli ichukuliwe kwa utaratibu na kupimwa na wenye dhamana hiyo. Mamlaka ya Maji Zanzibar (ZAWA), iliyoundwa kwa Sheria ya Maji Namba 4 ya mwaka 2006, ndiyo yenye jukumu la maji ya mifereji. Masuala ya maradhi na usafi wa mazingira yapo chini ya maafisa afya wa wilaya. Wilaya yetu pia ina bahati ya kuwa na Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, iliyopo Wawi tangu mwaka 2000, ambayo imeijengea Pemba utamaduni wa kupima kwa kumbukumbu. Mwananchi mwenye wasiwasi juu ya kisima aanze kwa sheha wake, ili taarifa iandikwe na ifikishwe kwa wahusika.

Vipo pia vipimo visivyohitaji elektrodi. Klorini iliyobakia katika maji inaweza kupimwa kwa kidonge kinachoyageuza maji kuwa ya rangi ya waridi. Rangi ikikolea, klorini ni nyingi. Namba yake si nyembamba kama ya kalamu, lakini haina rejea ya kusogea. Kamati ya maji yenye kalamu na vidonge ikitumia vyote viwili, kimoja kitamchunga mwenziwe.

Tunashauri kila kamati ya maji na kila skuli yenye kifaa cha aina hii ifungue daftari moja lenye safu nne: tarehe, namba ya bafa kabla ya kupima, namba ya maji, na namba ya bafa baada ya kupima. Gharama yake ni bei ya daftari. Afisa atakapofika kuuliza hali ya kisima, au mzazi atakapotaka kujua kama maji hayo yanafaa kwa mtoto wake, ataoneshwa namba pamoja na ushahidi kwamba kilichoipima kilikuwa hakijasogea.